Namna ya Kufunga GPS Isidondoke: Mwongozo kwa Afisa wa Fildi

Hongera. Ofisi imekukabidhi GPS ya mkononi, umesaini daftari la vifaa, na kuanzia leo ikipotea inakatwa kwenye mshahara wako. Kwenye semina walikueleza yote ya angani: setilaiti zisizopungua 24, kila moja ikiizunguka dunia mara mbili kwa siku katika kimo cha kilomita 20,200 hivi, na chombo chako kikizinasa nne tu kinajua kilipo. Mkanywa chai, mkapewa vyeti. Hakuna aliyegusia kwamba mawimbi yakishasafiri umbali wote huo salama salimini, kinachodondoka ni chombo chenyewe, kwenye sentimita kumi za mwisho kati yake na usukani wa pikipiki. Mwongozo huu ni wa sentimita hizo kumi.

Tuanze na bodaboda, maana ndiyo itakayokufikisha kule ambako Land Cruiser ya mradi inasemekana itafika wiki ijayo. Nenda Kariakoo ununue stendi ya plastiki. Muuzaji atakuapia kuwa inaingia pikipiki zote, na hapo hasemi uongo: usukani wa pikipiki nyingi ni bomba la milimita 22, na stendi nyingi zimetengenezwa kwa bomba hilo. Kuingia si tatizo, tatizo ni kubaki. Injini ya silinda moja, cc 150, haiachi usukani utulie hata pikipiki ikiwa imesimama, na barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati inaongeza ya kwake. Ukifika kijiji cha pili, skurubu ya stendi itakuwa imejifungua yenyewe, ile ile iliyomshinda fundi jana kwa spana.

Wapo watakaokushauri ufunge simu uachane na GPS. Waambie kuwa Septemba 2021 Apple wenyewe walitoa tahadhari: mtikisiko wa pikipiki zenye injini kubwa unaweza kuharibu kamera za iPhone, ile mitambo midogo ya ndani inayotuliza picha. Wakikujibu kwamba bodaboda haina injini kubwa, waombe simu zao za kujaribia. Huwa mjadala unaishia hapo.

GPS nayo ina ugonjwa wake. Nyingi zinatumia betri mbili za AA, na pikipiki ikiingia shimo sawasawa, betri inaruka kidogo, inaachana na springi yake, na chombo kinazima bila kuaga. Utakuja kugundua jioni kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zako uliingia porini saa nne asubuhi na hukutoka tena. Dawa ni kipande chembamba cha sponji chini ya kifuniko cha betri, kizibane zisicheze. Usihangaike dukani, godoro la gesti uliyolala lina sponji ya kutosha, na wa kabla yako alishaanza kuichuna pembeni.

Sasa tupa stendi. Mwone fundi baiskeli, umwombe ukanda wa tyubu kuukuu, upana wa vidole viwili. Ni ukanda huo huo unaofunga kreti za soda, magunia ya mkaa, magodoro na mbuzi aliye hai, na sijawahi kusikia mbuzi amelalamika kwamba amelegea. Plastiki hupitisha mtikisiko wote kama ulivyokuja, raba inaumeza. Chini ya chombo weka kipande cha ndala iliyokatika, zungusha tyubu kwa mtindo wa msalaba, uache kioo wazi, kisha kile kikamba cha kuvaa mkononi ukipitishe kwenye usukani ili mambo yakiharibika chombo kining'inie badala ya kulala barabarani. Angalia na mkao: GPS yenye antena bapa inapenda kulala chali ikitazama mbingu, na yenye kidole kilichochomoza juu inapenda kusimama wima. Ukiikosea mkao itafanya kazi bado, ila kwa kununa. Kuitia mfukoni mwa koti huku umejikunyata nyuma ya dereva ni vibaya zaidi, kwa sababu mwili wa mtu ni maji kwa sehemu kubwa na maji huyanywa mawimbi hayo.

Wakati wote huo mwenye pikipiki atakuwa amekutazama kwa subira.

“Mkuu, kwani tunaenda wapi?”

“Kisima cha shule.”

“Si ungesema. Mimi nimesoma pale.”

Endelea kufunga. Ripoti ya mradi haina safu ya kuandika kwamba dereva amesoma pale.

Land Cruiser itakapotokea, itakuja na mkuu wa msafara, na yeye atakuja na kishikizo cha kunyonya kioo. Asubuhi kitashika vizuri, kila mtu akisifie. Mchana kioo kikishapata moto, mpira unalegea, hewa inapenya, na chombo kinamwangukia mkuu mapajani akiwa amesinzia. Usicheke. Shona mfuko wa kitambaa kigumu, ujaze kilo moja ya mchele bila kuushindilia, uulaze juu ya dashibodi na GPS ikae juu yake. Uzito unatosha, hakuna gundi wala skurubu. Wengine hutumia mchanga, lakini hao ni watu ambao hawajawahi kulala mtoni na gari la mradi lililokwama. Mfuko ukae mbele, chini ya kioo: mawimbi hupita kwenye kioo, bati la paa yanalishindwa. Kuna afisa mwangalifu anayeifungia GPS kwenye droo ya dashibodi isiibiwe. Haitaibiwa kweli, ila na yenyewe haitajua iko wapi.

Baiskeli haina maneno mengi. Haina injini, mwendo ni wa heshima, tyubu ya kufungia unayo na nyingine ya akiba iko ndani ya tairi. Ndiyo maana hakuna mradi unaotoa baiskeli.

Ndani ya daladala usifunge popote. Shika mkononi, mbali na dirisha, hasa kituoni.

Kwenye mashua watu wanajiamini kupita kiasi, kwa sababu boksi limeandikwa IPX7. Maana yake ni kwamba chombo kinavumilia maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara haujasoma boksi hilo. Kwa hiyo funga kamba, na kwenye kamba funga chupa tupu ya maji yenye kizibo, ili chombo kikianguka uone pa kukifuata. Mlingotini usifunge kitu: foromali na tanga vikigeuzwa havina adabu kwa mali ya serikali. Kaa nyuma karibu na nahodha, ila si karibu na dira yake, hasa kama umeshika na simu, maana spika ya simu ina sumaku na sumaku huvuta sindano ya dira. Nahodha atakuuliza kama kidude hicho kinajua miamba iko wapi. Ramani iliyokuja ndani yake kwa kawaida haionyeshi miamba. Jibu kwa unyenyekevu, mwamkie shikamoo kama bado hujafanya hivyo, kisha fuata anakokwenda yeye.

Umefika kisimani kwa bodaboda. Ikiwa umeufuata mwongozo huu barabara, tyubu imekaza, vumbi na jasho vimeligandisha fundo, na GPS haitoki. Wembe hakuna. Mwenyekiti wa kijiji na kamati nzima ya maji wamesimama wanasubiri upime. Isukume pikipiki nzima hadi kisimani, uisimamishe mita mbili tatu kutoka kwenye pampu, ubonyeze kitufe. Mahali pa wazi chombo cha namna hii kina kosa la mita tano hivi, kwa hiyo makao makuu hawatajua. Wakikupigia simu kwamba kisima kimehamia shamba la jirani, mamia ya mita kutoka kwenye alama ya ramani ya zamani, usiitukane tyubu. Ramani zile zimechorwa kwa vipimo vya Arc 1960 na chombo chako kimetoka kiwandani na WGS 84. Kinabadilishwa kwenye mipangilio. Mwenyekiti akikuuliza kwa nini na pikipiki imepanga foleni ya maji, mwambie ni utaratibu wa wizara.