Ukitaka Kuwa Mdakaji wa Besiboli, Anzia Mangobo

Kwanza, mdogo wangu, chuchumaa. Usisubiri glavu wala uwanja. Mdakaji hukaa nyuma ya mpigaji, na katika mchezo mmoja huchuchumaa na kuinuka zaidi ya mara 100. Siku utakayoweza kuchuchumaa tangu mama anapoanza kutwanga lituma mpaka anapowaita watu kula, magoti yako yatakuwa tayari kwa kazi.

Pili, tafuta mrushaji. Mangobo, komine yetu hapa Kisangani, haina hata mmoja aliyesomea kazi hiyo, lakini ina vijana wengi wanaoangusha maembe kwa mawe, na wanafaa sana kwa sababu jicho lao limeshazoea kulenga. Msimamishe mmoja mita 18 na nusu kutoka ulipo, mnyang'anye jiwe, mpe chungwa. Marekani mrushaji mzuri hutupa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, na mpira unakufikia kabla ya nusu sekunde kwisha. Kwa hiyo chungwa litakutosha mpaka upate kinyago cha uso na kinga ya kifua. Hapo sikutanii: mpira wenyewe ni mgumu, usiudake uso ukiwa wazi.

Kama unarusha kwa mkono wa kushoto, chagua nafasi nyingine. Ligi kuu ya Marekani karibu haina mdakaji wa namna hiyo.

Tatu, nenda kwenye maporomoko ya Wagenia. Kaa juu ya mwamba uwaangalie wavuvi wanaotega vikapu vikubwa kwenye miti waliyoisimamisha katikati ya maporomoko. Wanasoma maji kabla ya kutega, na hilo ndilo somo lako. Katika timu nzima ni mdakaji peke yake anayewatazama wenzake wote usoni. Kwa miaka mingi yeye ndiye amekuwa akimwonyesha mrushaji kwa vidole, kati ya mapaja, mpira gani utupwe. Lazima ajue udhaifu wa mpigaji, uchovu wa mrushaji, na mkimbiaji gani wa wapinzani anataka kuiba besi, yaani kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa. Wanaodhani ni kazi ya kuokota mipira hawajaiangalia vizuri.

Nne, jifunze kwa Dennis Kasumba. Ni kijana wa Uganda, mdakaji, yatima aliyelelewa na bibi yake. Alijifua kwa matairi ya gari na madumu ya maji, video zake zikasambaa duniani, na mwaka 2023 akavaa jezi ya Frederick Keys, jimbo la Maryland, kwenye ligi inayowaandaa vijana kuchaguliwa na timu kubwa. Matairi na madumu Kisangani tunayo. Kitu ambacho Uganda inatuzidi ni makocha na timu za watoto, na hivyo havikushuka kutoka mbinguni, watu walivijenga.

Najua jina la Uganda mjini kwetu linaamsha nini. Mabomu ya Juni 2000 yaliangukia nyumba zetu wakati majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana hapa siku sita, na mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Deni hilo ni la serikali, lidaiwe mpaka senti ya mwisho. Kocha wa watoto wa Lugazi, huko Uganda, hakutupiga bomu. Kama anaweza kumfundisha mtoto wa Mangobo kudaka, aende akafundishwe.

Tano ndiyo hatua inayoua ndoto nyingi kuliko magoti: karatasi. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, Williamsport, Marekani, wakanyimwa visa kwa sababu hati za umri wao hazikulingana. Mwaka uliofuata wenzao wa Lugazi walifika huko na kuifunga timu ya Oregon 3–2. Kwetu, mtoto asiyeandikishwa ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa anahitaji hukumu ya mahakama ili apate cheti. Kwa hiyo kabla hujatafuta glavu, muulize mama kama cheti chako kipo. Kama hakipo, Jumatatu asubuhi nendeni komine mkaulize njia ya kupata hukumu hiyo, na hakikisheni jina na tarehe vinafanana na vya shuleni.