Cheo cha Herufi Kubwa

Karani aliyemo ndani ya kibodi ya simu, ambaye hajapata kufika Mlabani, bondeni Kilombero, wala hana haja, amepewa na waundaji wa programu amri moja kati ya nne: asikuze herufi yoyote, akuze mwanzo wa kila neno, mwanzo wa kila sentensi, au akuze zote pia, naye hutii bila kuhoji. Basi mwuza mchele akianza kuandika “pumba zipo”, Pumba hutunukiwa cheo kwa kutangulia tu, ilhali kilombero, bonde zima pamoja na mto wake, likija katikati huenda likaachwa kichwa wazi. Akiandika “kg. mbili”, nukta humhadaa karani, akadhani maneno yamekwisha, Mbili naye akatukuka. Na penye jina la kuingilia katika akaunti, palipostahiki amri ile ya kwanza, mwundaji pengine huisahau. Herufi hupanda, mlango huenda ukafungwa, na mteja akaarifiwa, kwa adabu timamu, kwamba hajulikani.