Mhadhara kwa Maofisa Elimu wa Wilaya

Ndugu maofisa elimu, waratibu kata, nanyi mliosimama kwa kukosa viti, tulieni, anazungumza Bingwa. Shahada zangu sizitaji. Zimo kwenye kadi yangu, mbele na nyuma.

Wapo wanaodhani elimu ya wilaya hupimwa kwa kuingia darasani. Upuuzi mtupu! Darasani kuna vumbi, na watoto wanne wa dawati moja watawaharibia takwimu. Wilaya hupimwa ofisini, kwenye ile karatasi ya matokeo iliyobandikwa ukutani, nafasi yenu ikiwa imezungushiwa wino mwekundu.

Mwaka 2012 zaidi ya nusu ya watahiniwa wa kidato cha nne walipata sifuri. Mshamba angeuliza walimu wako wapi. Sisi wataalamu tuliuliza rula iko wapi. Mwaka 2013 matokeo yakafutwa, yakachakatwa upya, ufaulu ukapanda bila mtoto hata mmoja kufungua daftari! Mwaka huohuo likatangazwa Daraja la Tano, lirithi kiti cha sifuri. Tukaingia kwenye GPA. Mwaka 2016 tukarudi kwenye madaraja, maana wazazi walikuwa wameanza kuielewa GPA.

Darasa la saba nao, mwaka huohuo wa 2012, wakaanza kusiliba majibu kwa penseli, A hadi E, hisabati ikiwemo. Hamwoni hekima? Kugawanya kuna makosa mengi. Kusiliba kunataka penseli ya HB na imani tu. Nimewahi kumwona kijana aliyesiliba C kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, kwa unadhifu wa kutia wivu. Jina lake alishindwa kulisoma, lakini huo ni upande wa mzazi.

Januari 2023 Baraza la Mitihani likaacha kutangaza shule kumi bora. Niliomboleza, kisha nikatengeneza orodha yangu. Inauzwa pale mlangoni.

Sasa andikeni siri yenyewe. Wilaya haifelishwi na walimu, wala upungufu wa vitabu. Inafelishwa na watoto wanaofeli. Wapunguzeni! Mzito akariri darasa, au ahamie kwa watahiniwa wa kujitegemea kabla usajili haujafungwa.

Maswali sipokei. Kabla ya kusaini posho, kila mmoja ajaze fomu ya kutathmini mhadhara huu. Majibu ni matano, na yote ni "bora sana".