Kunywea kwa Majivuno Mbele ya Mnyama Mkali: Mhadhara wa Kitaalamu

Majivuno ni hali ya binadamu kujiona ana kimo kinachozidi kile alichopimwa na fundi cherehani. Hukaa sehemu tatu za mwili: kifuani, shingoni na, kwa wingi zaidi, mdomoni. Hustawi penye watu, hasa watu wanaolazimika kuitikia, na hudhoofika upesi palipo na mnyama asiyejua vyeo. Taaluma inayochunguza udhoofikaji huo inaitwa Elimu-Mnyweo. Ina mtaalamu mmoja tu duniani, ambaye ndiye mwanzilishi wake, mwenyekiti wa baraza lake na mshindi wa tuzo yake kila mwaka. Utafiti wake wote ameufanya ndani ya gari, vioo vimepandishwa juu, na kwa sababu hiyo matokeo yake hayajawahi kupingwa na mnyama yeyote.

Kanuni ya kwanza ya taaluma hii ni kwamba majivuno hayajitegemei. Yanahitaji shahidi aliyekubali kuyashuhudia. Mkurugenzi ni mkurugenzi kwa kuwa karani huinuka akimwona. Mheshimiwa ni mheshimiwa kwa kuwa kuna mtu wa kumfungulia mlango. Simba hainuki. Na akiinuka, si kwa heshima.

Misingi ya kimwili

Mwaka 1915 mwanafiziolojia wa Marekani Walter Cannon alieleza jinsi hatari ya ghafla inavyouandaa mwili ama kupigana ama kutoroka. Tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, damu hupungua tumboni na kuongezeka kwenye misuli, ini huachia sukari, mboni za macho hutanuka, mate hukauka. Elimu-Mnyweo imevipima vipengele vyote hivi na kukipa taji hicho cha mwisho. Majivuno yaliyoishi mdomoni miaka arobaini hayana pa kukaa ulimi ukishakauka. Ndiyo maana mtu aliyeanza kwa kusema, “Unajua mimi ni nani?” huimaliza sentensi yake kwa mlio ambao alfabeti haina herufi za kuuandika.

Uainishaji wa wenye majivuno

Wenye majivuno wanaokwenda porini wako makundi manne. Wa kwanza ni mwenye cheo. Huingia Serengeti au Maasai Mara kwa msafara, humwelekeza dereva kwa kidole, na huamini kwamba katazo la kushuka garini liliandikwa kwa ajili ya watu wa mishahara midogo. Wa pili ni mwenye kamera. Anajua fika kwamba nyati yuko nyuma yake kwa sababu amemwona kwenye simu, na anachohangaikia ni pembe zote mbili ziingie kwenye picha. Wa tatu ni mwenye bunduki, ambaye ujasiri wake umehifadhiwa ndani ya chuma. Huyu ana historia ndefu, nayo itapewa sehemu yake. Wa nne ni mtu wa mjini mwenye asili ya kijijini. Haogopi chochote, kwa kuwa babu yake aliwahi kuua chui, na kila sikukuu inapofika chui huyo huongezeka urefu.

Wakufunzi

Upande wa pili wa somo umeshikwa na wanyama, ambao hufundisha bila azimio la kazi wala chaki.

Simba hufundisha hesabu. Kwa umbali mfupi anaweza kukaribia kilomita 80 kwa saa. Usain Bolt, binadamu mwenye kasi kuliko wote waliowahi kupimwa, alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58 mjini Berlin mwaka 2009, wastani usiofika kilomita 38 kwa saa. Naye alikuwa amevaa viatu vya kazi, amewekewa njia iliyonyooka, na hakuwa ametoka kula pilau. Mwenye kitambi anaweza kuendelea na hesabu hiyo mwenyewe.

Kiboko hufundisha unyonge wa aina ya pekee, kwa kuwa hana nia ya kumla mtu. Ni mla nyasi. Ana uzito wa tani moja na nusu na zaidi, chonge zake zinaweza kufika nusu mita, na nchi kavu hukimbia hadi kilomita 30 kwa saa. Anayekimbizwa na simba anaweza kujifariji kwamba angalau ametamaniwa. Anayekimbizwa na kiboko hana faraja hiyo: kosa lake ni kusimama baina ya mnyama na maji yake, basi.

Tembo hufundisha kusoma. Akitanua masikio, akatikisa kichwa na kupiga kelele, mara nyingi anatisha tu. Akiyabana masikio, akaukunja mkonga na kuja moja kwa moja, maonyo yamekwisha. Mwenye majivuno huelewa kinyume, kwa sababu huko alikotoka anayepiga kelele ndiye mkubwa.

Nyani hufundisha fedheha tupu. Kwa kawaida haui mtu. Humpokonya ndizi mbele ya wakwe zake, humkodolea macho, hupanda juu ya paa la gari na kuimenya pale bila haraka.

Hatua za mnyweo

Mnyweo wenyewe hupitia hatua nne. Kwanza, hotuba hukatika. Pili, mikono hutafuta mtu wa kushika, na cheo cha anayeshikwa hakiulizwi. Dereva aliyefokewa asubuhi hukumbatiwa mchana. Tatu, dini hurejea, wakati mwingine mbili kwa pamoja. Nne, miguu hutoa uamuzi pasipo kumshirikisha mwenyewe. Ikumbukwe kwamba katika hatua hii ya nne itifaki hugeuka: wale waliozoea kutangulia mlangoni hutangulia kweli, lakini bila kutangazwa.

Kisa cha Tsavo

Mwaka 1898, Waingereza walipokuwa wakijenga daraja la Reli ya Uganda juu ya mto Tsavo, simba dume wawili walianza kuwatoa wafanyakazi mahemani usiku. Kazi ilifika mahali ikasimama, maana makuli walikataa kuendelea kulishwa kwa wanyama kwa faida ya Malkia. Mhandisi msimamizi, John Henry Patterson, alijengewa jukwaa la miti lisilo imara, akaketi juu yake peke yake gizani, bunduki mkononi, akimvizia mmoja wao. Haukupita muda, simba akaanza kumvizia yeye, akilizunguka lile jukwaa taratibu. Hofu ilipofika ukomo, kitu kikamgonga kisogoni, nusura aanguke chini. Alikuwa bundi, aliyemdhania kuwa tawi.

Mtaalamu husisitiza kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba si lazima mnyama awe mkubwa. Ufalme mzima, ukiwa na bunduki yake na hesabu zake za madaraja, ulitikiswa na ndege aliyetafuta pa kutua. Patterson alimuua simba yule usiku uleule, tarehe 9 Desemba, na wa pili tarehe 29. Habari ya bundi aliiandika mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1907, na kwa uungwana huo Elimu-Mnyweo inampa alama ambazo baadaye italazimika kumpunguzia.

Kisa cha Kima

Kisa cha pili hakichekeshi, na mhadhiri hushusha sauti anapokifikia. Mwaka 1900 simba mwingine alikuwa akiwasumbua watu wa kituo cha Kima, kwenye reli hiyohiyo. Charles Ryall, msimamizi wa polisi wa reli, alifika pale na wenzake wawili, Huebner na Parenti. Behewa lao likaegeshwa kwenye njia ya pembeni, wakakubaliana kumngojea simba humo kwa zamu. Ryall alishika zamu ya kwanza. Wenzake walilala, na ushahidi wote unaonyesha kwamba naye usingizi ulimchukua.

Simba aliingia kwa mlango wa kusukuma. Kwa kuwa behewa lilikaa upande, mlango ukateleza ukajifunga nyuma yake, na wote wanne wakawa chumba kimoja. Ili kumfikia Ryall, simba alimkanyaga Parenti aliyelala sakafuni. Huebner alishuka kutoka kitanda cha juu kwa kumrukia mnyama mgongoni, kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine ya kukanyaga, akaukimbilia mlango wa pili. Upande wa pili watumishi waliotishika walikuwa wameushikilia kwa vilemba vyao. Aliusukuma kwa nguvu zake zote akapenya, nao wakaufunga tena. Simba akatoka kwa dirisha akiwa na Ryall mdomoni.

Simba huyo alinaswa baadaye kwa mtego, yaani kwa kifaa kisicholala na kisicho na sifa ya kulinda. Waswahili walikwisha kuliweka jambo hili sawa: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Ni ubaya wa methali hiyo kwamba hukumbukwa siku ya pili.

Kurejea kwa majivuno

Watu wengi hudhani kwamba aliyekwisha kunywea hubaki amenywea. Elimu-Mnyweo imethibitisha vinginevyo. Hofu ikipita mate hurudi, na mate yakirudi majivuno huwa na makazi tena. Kuanzia hapo kisa huumuka kama unga uliotiwa hamira: mita hamsini huwa tano, fisi huwa simba, na aliyepanda mti huwa alikuwa akiangalia njia kwa niaba ya wengine.

Mfano bora unatoka Tsavo kwenyewe. Mwaka 1907 Patterson alitaja makuli wa Kihindi 28 walioliwa, pamoja na Waafrika ambao hakuna aliyeweka hesabu yao. Kufikia mwaka 1925 jumla aliyoitoa ilikuwa watu 135. Mwaka 2009 wanasayansi waliopima kemikali katika mifupa na manyoya ya simba hao walikadiria watu 35 hivi. Ikumbukwe kwamba idadi iliweza kukua bila mtu kuipinga kwa sababu wale Waafrika hawakuandikwa majina. Kisa cha kutisha hunenepa kwa urahisi pale ambapo wafu hawaulizwi.

Ngozi nazo zina ushahidi wake. Patterson alizitumia nyumbani kama mazulia hadi mwaka 1924, alipoliuzia jumba la makumbusho la Field la Chicago kwa dola 5,000. Zilikuwa zimekwisha kupunguzwa, hivyo simba walioundwa kutokana nazo wakatoka wadogo kuliko walivyokuwa hai. Hadithi ilipanda, ngozi zikapungua. Fuvu la mmoja wao lilionyesha chonge iliyovunjika na jipu kwenye mzizi wake. Huenda basi ujenzi wa reli ya himaya kubwa kuliko zote za wakati ule ulisimamishwa, kwa sehemu, na maumivu ya jino.

Wanyama hawana ugonjwa huu wa kurejea. Tembo mwenye uzito wa tani tano hukimbia akisikia mvumo wa nyuki. Utafiti uliofanyika Kenya umelithibitisha jambo hilo, na wakulima wa Sagalla, karibu na Tsavo, wanazungushia mashamba yao mizinga iliyoning'inizwa kwenye waya ili kuwazuia. Tembo aliyetimuliwa na nyuki hurudi kundini akaendelea kula majani. Hawaambii wenzake kwamba walikuwa mamba.

Wasiohusika

Lipo kundi ambalo taaluma hii imeshindwa kulifundisha. Kati ya Januari 1990 na Septemba 2004, simba waliua watu wasiopungua 563 nchini Tanzania na kujeruhi 308, wengi wao katika wilaya za kusini. Watafiti waliona uhusiano na nguruwe pori. Nguruwe huvamia mazao. Mkulima hulala kwenye dungu shambani kuyalinda. Simba humfuata nguruwe, akamkuta mtu. Utafiti mwingine, wa mwaka 2011, uliona kwamba mashambulio huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za mwanzo za usiku zinapokuwa na giza.

Mkulima wa dungu hana majivuno ya kunywea. Anakwenda alipo simba kwa sababu asipokwenda mahindi yataliwa na watoto watalala njaa. Akiulizwa habari za simba hujibu kwa maneno machache: njia aliyopita, saa aliyonguruma, jirani aliyechukuliwa. Mtaalamu aliwahi kutaka kumwalika mkulima wa namna hiyo atoe shukrani mwishoni mwa mhadhara, akaghairi baada ya kuhofia kwamba wasikilizaji wangeanza kulinganisha.

Kinga na masharti

Kinga ya mnyama ni fupi. Hifadhini mtu asishuke garini pasiporuhusiwa. Akikutana na simba kwa miguu asikimbie wala asimgeuzie mgongo; arudi nyuma polepole huku akimtazama. Asikae kati ya kiboko na maji, wala kati ya tembo na mtoto wake. Usiku, katika vijiji vyenye simba, asitembee peke yake, hata akiwa amekunywa kiasi cha kuamini kwamba yuko na wenzake.

Kinga ya majivuno ni ngumu zaidi, kwa kuwa mgonjwa hapendi kupona. Elimu-Mnyweo imeweka sharti moja linalotosha. Kila anayetaka kusimulia jinsi alivyokutana na mnyama mkali ataje kwanza mambo matatu, mbele ya mtu aliyekuwa naye siku hiyo: mnyama alikuwa nani, alikuwa umbali gani, na nani alianza kukimbia. Baada ya hapo yuko huru kusimulia chochote kilichobaki.