Mnipe na Mimi Mwanasesere
Mke wangu ni mkunga, na siku hizi namwonea wivu mwanasesere. Kabla ya zamu anamkausha, anamsugua mgongo, anampa pumzi kwa mfuko na barakoa, anasikiliza moyo wake. Mimi nikirudi na homa naambiwa panado ipo kabatini.

Kulalamika kwa sauti siwezi, takwimu ziko upande wake. Mpango wa Safer Births, ulioongozwa na Hospitali ya Haydom, ulipeleka mazoezi haya katika hospitali na vituo 30 vya mikoa mitano, Shinyanga na Geita zikiwemo. Matokeo yalitoka 2025: kati ya wajawazito wapatao 300,000 na watoto wao, vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 40, vya akina mama kwa asilimia 75 hivi. Midoli yenyewe ni ya kampuni ya Laerdal ya Norway, iliyokuwa ikiunda ya kuchezea kabla ya kugeukia ya kufufua watu. Nawajua wajumbe wa kamati, wenye posho, waliofanya kazi ndogo kuliko mdoli huyo.

Basi kila mtu ana mahali pa kukosea bure. Rubani anaangusha ndege ya kwenye skrini, anatoka anakunywa chai. Kidato cha nne wana moko. Migodi mikubwa huchoronga kwanza, mwamba wote ukachorwa kwenye kompyuta kabla ya kufumua ardhi.

Kasoro shemeji yangu. Anataka niwe tajiri, yaani mtoa hela, wa duara lake, shimo la dhahabu kule Nyarugusu, Geita. Utafiti umekamilika, anasema: mganga ameota. Na matimba ya kuzuia kuta? "Shemeji, hayo tutanunua tukishagonga mwamba." Yaani wazame kwanza, shimo lisiporomoke kwa heshima.

Jumamosi nilipeleka chakula wodini. Kwa mazoezi ya kuzuia damu kuna tumbo la bandia ambalo mtu hujifunga, akajifanya mzazi. Lina kitoto na damu ya rangi. Aliyepangwa hakutokea, wakanitazama mimi. Nikalazwa, nikaguna, nikaambiwa nasukuma kama mtu anayebisha hodi. Simu ikaita. Shemeji, anauliza hela ya kuanza kuchimba.

"Mwambieni," nikasema, "niko leba."