Sifa za Bolti Iliyoliwa Uzi

Waliosifiwa kwa Kiswahili ni wengi: majahazi, minazi, maharusi, na kila mkubwa kwa muda ule anaokuwa madarakani. Bado sijamwona aliyeisifu bolti ya sampu ya gia boksi ya oto ambayo uzi wake umeshaliwa. Mimi niliyelala chini yake, oili nyekundu ikinidondokea sikioni, naona deni hilo lisivuke leo.

Ukoo wake si wa kihuni. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi zote za bolti zikatwe kwa pembe moja, digrii 55, ili bolti ya karakana hii iingie kwenye nati ya karakana ile bila ugomvi. Nyuzi za metriki tunazotumia leo ni za digrii 60, na bolti ya mm 6, kama zile zinazoshika sampu kwenye magari mengi ya Kijapani, huingia mm 1 kila inapozungushwa mara moja. Akili yote hiyo, ya Uingereza hadi Japani, hufutwa na kijana mmoja mwenye spana namba 10 na kipande cha bomba cha kurefushia mkono.

Sifa yake kuu ni adabu. Bolti nzima ina kiburi: ikifika mahali pake inakukatalia, na ukiilazimisha inakatika kichwa kwa hasira. Iliyoliwa uzi haimkatalii mtu. Izungushe kulia, itakwenda kulia. Badili mawazo, irudishe kushoto, itakufuata bila kukuuliza kwa nini umebadilika. Mpe mtoto spana, mpe mzee, mpe aliyeshiba na aliyelala njaa, kila mmoja atapata haki yake ya mzunguko. Haiulizi cheti, haiulizi kabila, haisemi mtandao uko chini wala aliyeshika faili amekwenda semina. Ukiiacha ukaenda kuswali, ukirudi utaikuta na moyo uleule. Tena ina msimamo: haikazi na haitoki. Itazunguka palepale mpaka uibane kwa bisibisi chini ya kichwa, uivute huku unazungusha, na hata hapo itatoka taratibu, bila kukuaibisha mbele ya watu. Nimekaa kwenye vikao vya siku nzima vilivyozunguka kwa adabu hiihii bila kukaza wala kutoka, ila vile vilikuwa na posho. Hii inazunguka bure.

Mengine ni madogo. Inadumisha ujirani, maana jirani mwenye pavingi mpya sasa ananigongea mlango kila asubuhi. Inapunguza safari zisizo za lazima, hasa za Morogoro. Inamkumbusha mtu Mungu kwenye mwinuko.

La kustaajabisha zaidi ni malezi yake, kwa sababu bolti haizaliwi hivyo. Ganda la gia boksi ni la alumini, bolti ni ya chuma, na wawili hao wakishindana anayeliwa ni alumini. Vitabu vya baadhi ya gia boksi za Toyota vinataka bolti ya sampu ikazwe kwa niutoni-mita 7 au 8, nguvu ya mkono wa mtu anayefunga chupa ya chai. Lakini gaskiti ya zamani imerudishwa ilivyo, kwa hiyo panavuja. Panapovuja, fundi anakaza. Anapokaza, ukingo wa sampu unapinda kati ya bolti na bolti, panavuja zaidi. Anakaza zaidi. Halafu spana inalegea ghafla mkononi, na ukiichomoa ile bolti unaona uzi wa alumini umejiviringisha juu yake, unang'aa. Fundi anafuta mikono, anasema, "Imekaa, bosi."

Haijakaa! Aliyeisikia ikiachia kiganjani mwake anajua kuliko mtu yeyote duniani kwamba haijakaa. Ndiyo maana mkono wake wa pili tayari umeshika tyubu ya silikoni.

Sampu ya gari langu nilipoishusha ilikuwa daftari la makabidhiano. Bolti zote ni za spana namba 10, isipokuwa moja ya namba 12 iliyolazimishwa kwenye tundu dogo mpaka ikajichongea njia, na nyingine ambayo naapa imetoka kwenye pikipiki. Ya tatu ilikuwa imevikwa utepe mweupe wa mafundi bomba. Tundu la nne lilishindiliwa nyuzi za waya wa shaba. Silikoni ilizunguka sampu nzima kama krimu ya keki, na vipande vyake vilivyomeguka kwa ndani vilikuwa vimefika kwenye chujio, ambako oili ya gia hutakiwa kupita. Kila kimoja kati ya hivyo kililipiwa. Kila fundi alimwachia mwenzake na kusema imekaa, mpaka likaandikwa lile tangazo la kuuza gari: gari la mama, halidai kitu, ni kuweka mafuta na kuondoka. Aliyelikagua akiwa amesimama wima, mikono mfukoni, akaliona safi, na kiooni stika zote zilikuwepo.

Dawa yake ipo, wala si siri. Tundu linapanuliwa kwa biti ya mm 6.3, linakatwa uzi mpya kwa tepu yake maalumu iliyopakwa grisi ili chenga zing'ang'anie humo zisiingie ndani ya gia boksi, kisha inasokotwa Helicoil, koili ya waya wa chuma kisichoshika kutu, na kimkia chake kinavunjwa na kutolewa. Bolti ya mm 6 inarudi ileile, safari hii ikishikwa na chuma. Sampu inanyooshwa ukingo, gaskiti mpya, bolti zinakazwa kwa kupishana, kidogo kidogo, kwa toki renchi.

Mzee aliyenifanyia kazi hiyo mtaani kwetu wanamwita mwenye maringo. Anakutuma gaskiti Ilala ukiwa una haraka, anataka bei ya saa nzima kwa tundu moja, na gari linalala kwake. Sisi wateja tunampenda yule anayemaliza kabla soda haijapoteza ubaridi, ndiyo maana kwa kijana wa kipande cha bomba foleni imefika barabarani, na mzee nilimkuta anasoma gazeti. Nikamwambia, mzee wangu, pole kwa kukosa wateja.

"Sijakosa," akasema, akinionyesha foleni ya kule. "Wale wote ni wangu."