Mtumiaji Asitake Kitu: Mhadhara Uliotolewa Chimwaga, Chuo Kikuu cha Dodoma

Mbukwenyi! Mbukwenyi tena, kwa wale wa nyuma ambao kipaza sauti hakijawafikia. Naambiwa itifaki imezingatiwa. Imezingatiwa na nani? Mshereheshaji amenitambulisha kwa cheo kimoja tu, kwa hiyo naizingatia upya: mimi ni Daktari, ni Mhandisi, ni Mshauri Mwelekezi, na ni Profesa kwa maombi ambayo tayari yamewasilishwa. Nimebobea katika uandishi wa miongozo ya mifumo, fani niliyoigundua mwenyewe nyumbani kwangu Area D, siku umeme ulipokatika.

Chimwaga si mahali pa mzaha. Mwaka 1995 chama tawala, CCM, kiliketi hapa kikampata mgombea wake wa urais, Benjamin Mkapa; mwaka 2005 kikaketi tena kikampata Jakaya Kikwete, aliyekuwa amekosa ile ya kwanza. Jina la Chimwaga basi lilikuwa na zamu yake ya uamuzi mkubwa kila miaka kumi, na kwa hesabu zangu zamu ya 2015 iliwekwa kiporo ikinisubiri mimi. Nimekuja na neno moja kwenu, vijana wenye kompyuta mapajani: msimuulize mtumiaji anataka kufanya nini.

Kuna ugonjwa umeingia nchini. Msanidi anataka kuunganisha programu yake na mfumo wa ankara, anafungua mwongozo, na anatarajia kukikuta alichokijia. Akikute! Kana kwamba mwongozo ni duka la Mangi.

Mwongozo nilioiandikia taasisi moja, ambayo siitaji kwa kuwa jina lake peke yake linakula mistari miwili, una kurasa 412. Nimeupanga kama mfumo wenyewe ulivyojengwa. Kwanza hifadhidata, jedwali kwa jedwali. Kisha moduli, kwa kufuata tarehe za ajira za walioziandika, maana ukubwa kazini lazima uheshimiwe. Mwisho misimbo ya makosa, kwa alfabeti ya Kiingereza, iliyotafsiriwa bila kupangwa upya. Anayetaka kumtolea mteja ankara atapata kila kitu kinachohusu ankara. Kipo. Kimegawanywa kwa haki katika sura kumi na moja, ili sura yoyote isije ikajiona.

Wahenga walisema mtaka cha uvunguni sharti ainame. Kazi ya mtaalamu ni kushusha kitanda.

Nitawapa mfano wa fujo. Nendeni stendi kuu kule Nzuguni. Hujashusha begi, mpiga debe ameshakuuliza: “Unaenda wapi, mzee? Singida? Kondoa? Iringa?” Unaenda wapi! Swali la watu wasiosoma. Stendi ya kisayansi ingepanga mabasi kwa injini: Scania upande huu, Yutong upande ule, na kati yake chumba cha maonesho ya gia. Msafiri wa Kondoa angetembea kwa utulivu akisoma mifumo ya breki, na jioni, akiwa ameelimika, angegundua kwamba basi lake liliondoka saa mbili asubuhi. Lakini angekuwa anajua gia.

Au tazameni maafa yaliyowapata majirani zetu. Mwaka 2005 Safaricom walifanya majaribio huko Kenya pamoja na Faulu: mtu akope kidogo, arejeshe kwa simu. Mfumo safi kabisa. Watumiaji wakaasi. Wakaanza kutumiana hela wenyewe kwa wenyewe, mtu yuko mjini, hela inafika kwa mama kijijini, mkopo umekaa pembeni unaangalia. Mtaalamu mwenye msimamo angewaitishia semina elekezi ya siku tano. Safaricom wakawasikiliza! Machi 2007, mwaka uleule chuo hiki kilipoanzishwa, M-Pesa ikazinduliwa kwa kazi hiyohiyo ya kutuma pesa nyumbani, na mwaka uliofuata Vodacom wakaileta kwetu.

Bonyezeni *150*00# mwone aibu. Tuma pesa. Toa pesa. Vitenzi vitupu! Hakuna “Usanifu wa Leja”, hakuna “Dibaji”, hakuna hata shukrani kwa mke wa mwandishi. Matokeo yake nimeyaona kwa macho yangu: mama anayeuza zabibu kando ya barabara, ambaye hajahudhuria semina hata moja, anapokea malipo, anamtumia mwanawe nauli, na mkono wa pili unafukuza nzi. Nilimuuliza kama anaelewa muundo wa ujumbe unaosafiri kati ya simu yake na seva. Akaniuliza nataka kilo ngapi.

Sasa nije kwenye shauri lililonileta hapa, ambalo ni la binti mmoja wa chuo hiki. Jina nalihifadhi. Alikuja ofisini kwangu na macho mekundu. “Shikamoo, Dokta.” Marahaba. Siku tatu alikuwa amekesha na mwongozo wangu, jambo lililonifurahisha hadi aliponieleza kwa nini. Alituma ankara, mfumo ukamjibu kwamba imepokelewa. Akalifungua lile jibu akitafuta namba ya malipo ampe mteja. Haimo. Akatuma tena. Haimo. Akatuma mara arobaini. Mteja mmoja wa Makole akawa na ankara arobaini za kitu kimoja.

Bila shaka haimo! Jibu la kwanza ni risiti tu ya kusema tumekusikia. Namba yenyewe huja baadaye: mfumo unaenda wenyewe kubisha hodi kwenye seva ya msanidi, katika anwani aliyoisajili, na kama hapo hakuna wa kufungua mlango, namba inageuza na kurudi ilikotoka. Nililieleza jambo hili waziwazi, ukurasa wa 388, tanbihi ya 4, chini ya kichwa “Tabia za Huluki Tegemezi”. “Lakini Dokta,” akasema, “mimi nilikuwa nataka tu mteja apate namba alipe.” Nikamjibu, binti, neno “nataka” halimo katika faharasa. Tulitafuta wote. Halimo.

Akaondoka. Nikajua amekwenda kusoma upya kuanzia utangulizi, kama mtoto mwenye adabu. Kumbe alikwenda kuchana karatasi ya daftari. Ninayo nakala yake hapa, naishika kwa ncha za vidole. Ukitaka kumtolea mteja ankara. Ukitaka kujua kama amelipa. Ukitaka kufuta ankara uliyoikosea. Ukiambiwa sahihi yako ya kidijitali si halali, angalia hiki kwanza. Chini ya kila kichwa ameweka ujumbe wa kunakili, jibu la kutegemea, na mstari mmoja: “Namba haiji hapohapo, subiri mfumo ukuite.” Basi. Karatasi hiyo sasa inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka Mwanza. Watu wanaanza kazi asubuhi, mchana wameshamaliza wanakula ugali na mlenda. Huo ndio uvivu ninaoupigia kelele.

Mtaniambia hata Wazungu wanafanya hivyo. Nawajua. Kuna Mmarekani, John Carroll, miaka ya 1980 akiwa IBM aliketi akawatazama makarani wanavyojifunza kompyuta za kuandikia. Akaona wanaruka kurasa, wanakimbilia kuchapa barua. Badala ya kuwashtaki kwa mkubwa wao, akaukata mwongozo, akabakiza kazi za kweli na njia ya kujinasua mtu akikosea, na wakajifunza upesi zaidi. Mwaka 1990 akatoa kitabu alichokipa jina la faneli ya Nuremberg, kile chombo cha utani wa Wajerumani cha kumimina elimu kichwani mwa mwanafunzi. Yeye alikuwa anaicheka hiyo faneli. Mimi nilipoisikia niliuliza inauzwa wapi.

Yupo na mwingine, Daniele Procida, anayetenganisha somo la kuanzia, maelekezo ya kazi, rejea na ufafanuzi. Huyu nusura tupatane, maana anakubali kwamba rejea ifuate umbo la mfumo wenyewe, ili anayejua anachotafuta ajue mahali kilipo. Hapo nilimpigia makofi, nikafunga ukurasa kabla hajafika kwenye zile tatu nyingine.

Naona mkono. Mwalimu wa Kiswahili, karibu, kwa kifupi. Unasema nimevitukana vitenzi bure, kwani “kutuma” ni kitenzi na ni nomino vilevile, ngeli ya KU, kutuma kwake kumechelewa. Kwa hiyo kichwa cha sura kinaweza kuwa nomino ya kisomi na bado kikamwambia mtu afanye nini. Hoja yako imepokelewa. Jibu halimo humu. Litakuja baadaye, hakikisha mlango uko wazi.

Kabla sijaingia sehemu ya pili kati ya tisa, mzee wa ukumbi ananionesha saa. Muda wetu umekwisha, tukitaka saa moja zaidi tulipie. Hapana, mzee wangu hapokei noti. Tangu GePG, mfumo wa malipo wa serikali, uanze mwaka 2017 mambo ni kontrol namba, ileile namba ya malipo. Inatolewa kwa mfumo gani? Aa. Huo naujua. Mwongozo wake nimeuandika mimi. Tulieni. Faharasa, herufi M. “Malipo: tazama Muamala.” Vizuri. “Muamala: tazama Huluki.” Naam. “Huluki: tazama Malipo.”

Naomba msizime taa za nyuma, bado nasoma.

Binti. Wewe wa safu ya tatu. Ile nakala niliyokuwa nayo naona feni imeipeperusha. Kama unayo nyingine, usinikabidhi mbele za watu. Iweke pale chini ya meza. Nitainama.